Kanga Ndani ya Tundu la Hewa

Fundi Nassor,

Salamu za watu wa makaburini nilikupa Ijumaa. Yasini nimekusomea, na majani yaliyoota juu yako nimeyang'oa kwa mkono. Haki yako nimeitimiza, kwa hiyo niache sasa niseme nawe kwa ukali. Leo Bi Zuwena wako ametoka eda. Miezi minne na siku kumi nimeumeza ugomvi huu kwa kuona haya kugombana na marehemu, na leo umenikaa kooni. Nautema.

Unakumbuka ulivyonichukua? Nilikuwa nafagia maofisi, mtu mzima wa miaka thelathini na sita, baba wa watoto watatu, nikakufuata kwenye harusi hapa London, mtaa wa Edmonton, nikakwambia nataka kazi ya mikono. Hukuuliza cheti. Ulisema, "Njoo Jumamosi, na nguo mbovu." Wakati huo ulishachoka na boila za gesi, umeangukia mapenzi mapya: tanuri la kupasha nyumba joto kwa pellet, vile vijiti vifupi vya unga wa mbao ulioshindiliwa. Wewe uliviita mtama, kwa sababu tanuri, ulisema, ni kama kuku, hulishwa kidogo kidogo. Mpaka leo wateja wetu wa Kipemba wananipigia simu kuniambia mtama umekwisha.

Na tanuri la kwanza tulilofunga wawili tulilifunga kwako, Walthamstow, chumba cha nyuma. Ulinipigisha magoti siku nzima. Sahani ya chuma chini yake. Nafasi kati yake na ukuta, ukaipima mara tatu, ya nne ukanipimisha mimi. Dohani ikapanda juu bila kona za ovyo, na kila kiungo ukakipapasa kwa vidole kama daktari anayetafuta mfupa uliovunjika. Kisha tukatoboa ukuta karibu na sakafu, ukaniambia, "Tundu hili ndiyo pua ya nyumba, Othman. Moto unavuta pumzi kama wewe. Ukiliziba, utavuta pumzi ya watu."

Ukaazima chetezo cha Bi Zuwena, ukatia udi, ukakipitisha mbele ya tundu, kisha kwenye ukingo wa mlango wa tanuri. Moshi ukivutwa ndani, salama. Moshi ukikurudia usoni, zima, fungua madirisha, toa watu. Mkaguzi wa kaunsili, halmashauri ya mji, alikuja na kipimo chake, akakiona chetezo akacheka. Kipimo kikamwambia yaleyale uliyokwishasema wewe. Nilijiona nimepata mwalimu asiye na mfano, na sijabadili neno hilo. Ndiyo maana nina hasira.

Kwa sababu siku ileile, ulipomaliza kunisifu mimi na dohani yangu, Bi Zuwena aliuliza majivu yanatolewaje. Aliuliza kwa upole, amesimama mlangoni na sinia ya chai. Nawe ukamjibu, "Mkono wa mke wangu ni wa hina, si wa masizi." Tukacheka sote. Yeye pia alicheka, akageuza mikono yake tuione hina. Mimi nikaona huo ndio uungwana, nikaenda kumwambia mke wangu maneno hayohayo.

Basi ukafa. Moyo, siku mbili hospitalini, katikati ya baridi. Nyumba yako ikajaa. Walikuja watu wa Edmonton, wakaja wa Edgware Road, wakaja na wengine kutoka miji ya mbali na mabegi yao. Bi Zuwena akakaa kizuka, mjane asiyeonana na wanaume, kwenye chumba cha nyuma, kwa kuwa ndicho chenye joto. Wanaume tukabaki sebuleni na msikitini, kama desturi. Ndugu yako Mbarak akashika usimamizi wa kila kitu, na kila kitu, Fundi, nakusudia na tanuri lako.

Sasa sikiliza walichokifanya, nami nitakueleza kwa utulivu kadiri niwezavyo. Wanawake waliokuja kumkalisha mjane waliona baridi inapita miguuni. Mmoja akalitafuta tundu, akalipata, akalishindilia kanga. Kanga nzuri kabisa, kipande kizima. Siku ya hitima feni ya tanuri ilikuwa inavuma, ikawasumbua wasomaji chumba cha pili, Mbarak akaagiza izimwe kwa kung'oa plagi ukutani, moto ukiwa bado unawaka ndani. Wewe ulinifundisha kwamba feni ile ndiyo inayosukuma moshi nje, kwamba tanuri huzimwa kwa kitufe chake chenyewe na huachwa lipoe taratibu. Yeye alipenda kimya. Akaipenda ile njia, akawa anaizimisha hivyo kila watu wanapokaa kusoma, na kila mara moshi ukabaki ndani na masizi yakaganda kwenye dohani.

Kengele ya gesi, ile inayolia hewa ikiingia sumu isiyoonekana wala kunusika, ililia. Ililia kama ilivyopaswa. Wakaitoa betri. Na betri hiyo, Fundi, hawakuitupa, wakaitia kwenye saa ya ukutani iliyokuwa imesimama, watu wasije wakakosa wakati wa sala. Naapa sijatunga. Saa ilikuwa inakwenda sawasawa nilipoiona.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyumbani kwako waliziba tundu, nusura wachimbe kaburi la pili.

Maana Bi Zuwena alianza kuumwa kichwa. Wakasema ni kichwa cha msiba. Akatapika, wakasema hajala. Akawa analala mchana, akiamshwa haelewi anaambiwa nini, wakasema mapenzi hayo, mnaona alivyompenda mumewe? Kila dalili wakaipatia shairi lake. Wageni nao waliumwa vichwa, lakini wageni hupanda basi wakaenda zao, na njiani vichwa vikapoa. Aliyekuwa hatoki ni mmoja tu. Walichoma udi asubuhi na jioni, na udi ukafunika hata ile harufu ndogo ya moshi ambayo pengine ingemzindua mtu mmoja mwenye pua.

Aliyezinduka ni binti yako Maryam. Yeye husikia Kiswahili chote na hujibu kwa kuchanganya na Kiingereza, unamjua. Alinipigia simu kutoka kazini, huko anakotunza wazee. "Uncle Othman, nikiwa kwa Mama naumwa na kichwa. Nikifika work, kimekwisha. Every time. Is it the mtama thing?" Nilikuwa juu ya ngazi nyumbani kwa mtu. Sikumbuki nilivyoshuka. Nilimwambia apige simu nyumbani, madirisha yote yafunguliwe, tanuri lizimwe kwa kitufe chake, na kila mtu atoke mpaka uani, kizuka na asiye kizuka. Nikapanda basi. Nilipofika, madirisha yalikuwa wazi na tanuri limezimwa, lakini mjane bado alikuwa ndani.

Mbarak alinipokea mlangoni, akasimama katikati yake. "Humu hamwingii mwanamme. Kuna kizuka." Nikamwambia kuna sumu. Akasema Mungu ndiye mlinzi. Nikamwambia, "Ndiyo, na Mungu huyohuyo alimjaalia ndugu yako akili ya kutoboa tundu lile ambalo bila shaka mmeliziba." Akanambia nina adabu mbovu. Nilikuwa nayo, Fundi, na sikuijutia. Nilimpigia simu sheikh wetu wa msikitini papo hapo nikiwa barazani, nikampa Mbarak asikie mwenyewe. Sheikh alisema, "Eda imewekwa kumhifadhi mjane. Kama fundi ndiye wa kumhifadhi, aingie, na mjane ajisitiri." Mbarak akanirudishia simu, na asitoke mlangoni.

Maryam alipofika alimchukua mama yake kwa daktari. Damu ikapimwa, sumu ikaonekana, wakamweka kwenye hewa safi ya mashine mpaka jioni. Daktari akamwambia Maryam kwamba siku chache zaidi tungekuwa na mazungumzo mengine. Na hebu niambie wewe uliyekuwa ukipenda hoja: daktari mwanamume aliruhusiwa kumshika mapigo, fundi hakuruhusiwa kushika dohani. Mbarak hakuona ajabu yoyote hapo.

Kesho yake tanuri lilikuwa baridi kabisa, na nyumba ilikuwa na baridi ya kukata. Nikarudi na brashi zangu. Safari hii aliyenizuia hakuwa Mbarak. Bi Zuwena mwenyewe alituma neno kwa Maryam kwamba nikae ukumbini nyuma ya pazia. "Mwambie Othman asiingie. Sikatai kwa ajili ya eda. Nataka kulisafisha mwenyewe. Yeye aniambie tu."

Nikakaa juu ya sanduku langu la vyombo, naangalia maua ya pazia, namfundisha mke wa mwalimu wangu kazi ya mwalimu wangu. Nilimwambia atazame kwanza plagi imetoka. Afungue mlango, apapase majivu, yana joto? Hayana. Ayachote, ayatie kwenye debe la bati lenye kifuniko, asiyatie kwenye ndoo ya plastiki hata kama yanaonekana yamekufa. Atoe kile kichungu ambamo mtama huungulia, akwangue yaliyoganda, atazame vitundu vyake vyote vinapitisha mwanga. Avute kamba inayoziba ukingo wa mlango aone haijalegea. Akawa ananijibu kila hatua, "Nimeona. Hili nimelikwangua. Hapa bado pameganda kidogo." Kisha mkwaruzo ukakoma, nikadhani amezidiwa. Nilipomwita akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo:

"Miaka yote nimelala ubavuni pa mtu wa moto, na hakunambia hata siku moja moto huu unakula nini na unapumulia wapi."

Neno hilo nakuletea wewe. Una jibu lipi?

Aliichomoa kanga mwenyewe. Imekuwa nyeusi upande mmoja. Dohani nikaisugua mimi kutoka nje, juu ya paa, yakashuka masizi ya kujaza ndoo. Maryam akaenda sokoni kununua betri mpya, na ile ya saa tukaiacha palepale, mradi kila kimoja kiwe na yake. Halafu Bi Zuwena akatia mtama, akawasha, akaitisha chetezo chake. Nilimsikia akitembea na udi kutoka tunduni mpaka kwenye mlango wa tanuri. "Unavutwa ndani," akasema. "Wote unavutwa ndani." Nami nyuma ya pazia nikalia, kwa sababu lilikuwa ni neno lako, kwa sauti yake.

Mganga hajigangi, husema watu, na wanasema kwa huruma. Mimi leo sina huruma hiyo. Wewe ulizunguka London nzima ukiwaonya watu baki, ukaja kwako ukamficha mkeo kitu kimoja alichohitaji kukijua, ukakiita heshima. Ulidhani utakuwapo daima wa kuchota majivu? Ulimpenda, najua, kila aliyekunywa chai kwako anajua. Lakini kupenda kwako kulimwacha peke yake na tanuri asilolijua, katikati ya watu wasiolijua zaidi yake, na mimi niliyelijua nikasimamishwa mlangoni. Namlaumu Mbarak, namlaumu aliyeleta kanga. Hawakufundishwa. Wewe ulikuwa mwalimu.

Na mimi simo nje ya hesabu hii. Nilibandika maonyo ya usalama ubavuni mwa tanuri lako kwa mkono wangu, yote kwa Kiingereza, nikayaona yamenyooka vizuri nikaondoka. Na nilifika kwangu Edmonton nikamwambia mke wangu habari ya hina na masizi. Wiki ile ya msiba wako nilimkalisha mbele ya tanuri letu nikamwonyesha yote. Alinitazama akasema, "Kumbe ni hivi tu?"

Ni hivi tu, Fundi. Ndilo linaloniuma.

Leo asubuhi nilikwenda kumpa Bi Zuwena mkono wa kutoka eda. Alinifungulia mlango mwenyewe. Wanawake walikuwa wamempaka hina jana baada ya magharibi, eda ilipokwisha, nyekundu mpaka kwenye vifundo, na chini ya kucha mlikuwa na masizi ambayo hina haikuweza kuyaficha. Aliona naangalia. Akaigeuza mikono kama alivyoigeuza siku ile ya sinia, akasema, "Mwambie ukenda kumzuru. Vyote viwili vinakaa."

Nimekuambia. Na ahadi yangu ni hii, wala sitaki uniombee nishindwe: sitatia sahihi kazi katika nyumba yoyote mpaka anayeshinda ndani yake, awe mke, bibi au mjane, awe ameliwasha tanuri na kulizima mbele yangu kwa mkono wake. Asipojua Kiingereza, nitamwandikia maonyo kwa Kiswahili. Pakiwa na pazia, nitakaa nyuma ya pazia. Bi Zuwena amesema kwa wanawake atakwenda yeye, na chetezo chake, nami sina la kumfundisha tena.

Mungu akupanulie kaburi lako, mwalimu wangu, akutilie nuru. Bado nimekukasirikia, na bado nakukosa kila ninaposhika brashi. Pumzika. Tundu liko wazi, nimelitazama kabla ya kuondoka.

Mwanafunzi wako,
Othman