Poda ya Bibi Harusi Mweupe

Kongowe, Kibaha. Alhamisi, Julai 1975.

Kipupwe kimenikausha uso, na leo nimekasirika. Nakuambia wewe kwanza, shajara, kabla mama hajaanza kunituliza.

Jumamosi naolewa. Asubuhi shangazi yake Rajabu, mchumba wangu, amefika kutoka Kisarawe na sanduku la harusi. Kanga, viatu, udi, vyote vizuri, sina neno. Katikati ya kanga kuna chupa ya poda ya maji, ile ya kupaka uso mzima kabla ya wanja na rangi ya midomo. Shangazi anaisifu kweli. Ya zamani, aliyojipaka yeye enzi zake, ilikuwa ya mafuta mafuta na rangi moja kwa wote. Hii imetengenezwa upya: inakauka yenyewe, haing'ai, na ina rangi za kuchagua.

Hapo kwenye kuchagua ndipo tulipoharibikiwa.

Muuza duka huko Dar alimuuliza bibi harusi ana rangi gani. Shangazi akajibu kwa fahari kwamba ni mweupe. Nani huku kwetu asiyelijua neno hilo? Bibi harusi ni mweupe hata akiwa mweusi tii. Ni sifa, sawa na kusema ana adabu. Muuza duka yeye aliuliza rangi, si sifa. Akatoa nyeupe kweli kweli.

Nimejipaka, nikawa kama mtu aliyeangukia gunia la unga. Mashavu yangu makavu yakaanza kubanduka, na poda ikapasuka kila nilipocheka. Nisipocheka siku ya harusi yangu, nitacheka lini?

Sikutaka kuaibika peke yangu. Nikampaka dada yangu Zena, ambaye uso wake hutoa mafuta hata kwenye baridi hii. Kwake, nisiwe mwongo, imekaa: mpaka adhuhuri haijayeyuka, na pua haing'ai. Ila amekuwa wa kijivu. Kisha shangazi mwenyewe, ambaye ni maji ya kunde. Rangi imemkaribia, lakini poda imejaa kwenye mikunjo ya macho, akazeeka mbele yetu. Nimempelekea kioo mlangoni, penye jua. Amejitazama, akakigeuza.

Bado hakukubali. Kilichomo sandukuni hakikataliwi, kasema, ni kuudharau upande wa bwana harusi. Mama akanikonyeza ninyamaze. Wanataka Jumamosi, nikifunuliwa mbele ya wanawake wote, uonekane uso wa mtu mwingine.

Sikunyamaza.

Najua bibi harusi hutakiwa kuinama. Nimeinama wiki nzima, shingo inaniuma.

"Mwanangu Rajabu atasema tumemletea mke mweusi," shangazi akasema.

"Shangazi, Rajabu alinichumbia mchana," nikamjibu.

Zena akaangua kicheko, na poda yake haikupasuka hata kidogo. Mama akatoka nje. Shangazi amenuna, chai yake imepoa mkononi.

Naogopa, sikufichi. Huyu shangazi nitakuwa naye ukoo mmoja maisha yangu yote, na leo nimeanza vibaya. Lakini ni afadhali anijue kwa ujeuri kuliko asinijue kabisa.

Chupa nimempa Zena. Mimi mafuta ya nazi na wanja, basi. Jumamosi wakinifunua, wanikute.