Upepo Unaomshikilia

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya ishirini na sita wodini. Leo wamemtoa mume wangu kwenye mashine ya kupumulia! Sasa hewa inapita moja kwa moja kwenye lile tundu walilomtoboa kooni – hewa ya moto, yenye unyevu na oksijeni, lita hamsini kwa dakika. Inavuma mfululizo. Kifua chake kinapanda chenyewe. Nimelia chooni, nikanawa, nikarudi kama niliyekwenda kununua maji.
Sauti bado hana. Pumzi inatokea kooni kabla ya kufika pa kusemea. Ananiandikia kwenye kibao. Ameandika: Umekata nywele? Nimezibana tu, jamani.

Jumanne, 4 Machi
Daktari wa mapafu – namwita Kipimo, maana hata salamu yake ni namba – ameomba ruhusa ya kupima presha ndani ya njia ya hewa kwa mrija mwembamba. Lita thelathini, arobaini, hamsini, sitini. Nikauliza ameona nini. Kasema mkondo ukiongezwa presha inapanda, ila kidogo tu. Upepo ungepitia puani, ingepanda zaidi; kooni kuko wazi, upepo unaponyoka.
Kwa hiyo haisaidii? Inasaidia, mama, kasema. Hicho kidogo ndicho kinachoyazuia mapafu yasijikunje.
Nimerudi na neno hilo nyumbani. Kidogo tu. Mtu wa kilo tisini, anashikiliwa na upepo!

Alhamisi, 6 Machi
Kazi haiendi. Nimeshona mkono wa kushoto upande wa kulia – gauni la bibi harusi! Nimefumua lote.
Redio nimeizima. Hakuna wa kubishana na msomaji wa taarifa. Kila jioni mume wangu alikuwa akimjibu yule bwana kana kwamba wamekaa meza moja, nami namwambia, hebu nyamaza tusikie. Mimi! Nilikuwa nataka kusikia nini?

Jumamosi, 8 Machi
Wameshusha mpaka arobaini. Amevumilia.
Binti yetu kapiga simu kutoka chuoni. Nikamwekea baba yake simu sikioni. Baba, gonga mara moja kama unanisikia. Kagonga mara tatu. Binti akacheka, sauti ikamkatika, halafu akasema mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri.

Jumapili, 9 Machi
Nimeota ananiita kutoka bafuni, kasahau taulo. Nimeamka nimeshaitika.

Jumatatu, 10 Machi
Thelathini! Kipimo anasema kesho watatoa hewa kwenye kipira kinachoziba koo, kisha wamwekee valvu ya kusemea, kizibo kinachoipeleka pumzi juu mdomoni. Lakini valvu na upepo haviendi pamoja: upepo utakatwa kwa muda, na ile presha kidogo itaondoka nao. Dakika kumi. Akichoka, anarudishiwa palepale.
Mume wangu kaandika kwa herufi kubwa: NDIYO. Hakuniangalia hata. Nami nisingesema hapana – hilo ndilo linalonitisha. Namtaka aseme. Chochote. Hata anigombeze.

Jumanne, 11 Machi
Naandika hapahapa, kando ya kitanda.
Saa nne asubuhi wamelegeza kipira. Kakohoa mpaka machozi. Valvu ikawekwa, mvumo ukazimwa – wodi nzima kimya. Akafungua mdomo: pumzi tupu. Mara ya pili, mkwaruzo. Mara ya tatu: "Fundi..."
Sauti kavu, ya mzee – na ni yake! Nyumbani hakuna mwingine anayeniita hivyo.
"Nataka kuku—"
Muuguzi akacheka, jamani, kaanza na chakula! Lakini macho ya mume wangu hayakuwa ya chakula. Alikuwa ananitazama mimi. Kukuambia? Kukuomba? Shingo ikaanza kuvutika, mabega yakapanda, namba ya oksijeni ikashuka: tisini, themanini na sita, themanini na tatu. Dakika nne tu! Muuguzi akataka kuondoa valvu. Yeye akamzuia mkono, akatikisa kichwa. Hapana. Hapana. "Kuku—"
Nikasema: mrudishieni upepo.
Mimi ndiye niliyesema.
Wamemrudishia, lita arobaini. Kanigeuzia kisogo. Nimemwekea kalamu kiganjani, haandiki. Namba zinapanda, themanini na tisa, tisini na moja, Kipimo anaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nimemwambia, kesho utasema yote, mume wangu, nitakaa kimya. Bega limetikisika. Sijui anacheka au analia, na nikizunguka upande wa pili nione, atanigeuzia kisogo tena.