Kioo cha Kushoto

Jumatatu, Agosti 1955

Mlima Meru mzima hakuna anayenishinda kutambua kioo cha kubadilishwa. Uongo. Wiki nzima nimevaa miwani yangu ya jua tangu shemeji Elifasi aliponirudishia, nisijue kitu. Aliyegundua ni mke wangu.

"Baba Naomi, funga jicho moja utazame mlima, kisha lingine."

Kwa kioo cha kulia, kile kilichokuja na miwani, mlima ulikuwa wa kijani. Kwa cha kushoto, rangi ya chai, na jua likipenya moja kwa moja. Nikakigusa kwa ukucha, kikacheza.

Kumbe ndiyo maana jana, ibada ilipofanyika nje, jicho la kushoto lilichuruzika machozi. Mchungaji amefurahi. Jumapili anataka nisimame nishuhudie nilivyotubu.

Shemeji, kuvunja kioo nimekusamehe. Deni lako ni moja: umwambie mchungaji lilikuwa jua tu.