Nililisingizia Beseni

Revo mwanangu,

Nimewahi basi la Goweko kwa bibi yako, narudi kesho. Viazi vyako vya matobolwa viko kwenye sufuria, chai kwenye chupa. Oili chafu ya pikipiki usiimwage uani. Itie kwenye dumu, tutapaka nguzo za banda la kuku. Mchwa wamerudi, na baba yako hakuwahi kuwapa nafasi.

Sasa la asubuhi. Nilikufokea kwa sababu umekingia oili kwenye beseni langu. Beseni la kukandia maandazi, Revo! Hata hivyo, si beseni lililoniliza.

Marehemu baba yako alikuwa hamwagi oili mpaka injini ipate moto. Aliiwasha, ikanguruma hapo uani nami nachemsha chai. Akiizima tu, namimina vikombe viwili, namfuata. Leo nimeisikia ile pikipiki yake kubwa kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Ikazimika. Mikono ikamimina vikombe viwili bila kuniuliza. Nikatoka navyo, nikakukuta wewe umelala chini ya injini. Ningesema nini? Nikalisingizia beseni.

~~Tuiuze tu hiyo pikipiki.~~ Isiuzwe.

Oili mpya usiipime pikipiki ikiwa imeegemea stendi, utadanganyika. Lazima isimamishwe wima, na peke yako huiwezi, ni nzito mno. Nisubiri kesho. Kuishikilia ilikuwa kazi yangu.

Mama yako