Kambare wa Masese

Gesima, 4 Februari 2024

Masese wangu,

Hujambo, roho yangu? Kifua kimepona? Sisi wazima, mama yako anakusalimu, na majani ya chai yamechipuka vizuri. Hatujamaliza hata mwezi wa ndoa, machimbo ya dhahabu yakakuchukua! Asubuhi nalisalimia jembe lako, majirani wacheke wakitaka. Onyiego muuza samaki kanifikishia kambare uliowakausha. Nimewanusa hadi machozi. Na habari tamu zaidi: nina mimba.

Mkeo,
Nyakerario

Migori, 10 Machi

Mke wangu mpenzi,

Salamu nyingi. Habari ya mtoto nimemwambia kila mtu shimoni. Lakini watu wa afya wamepima samaki wa mto wetu. Zebaki tunayonasia dhahabu, hii ninayoikanda kwa mikono mitupu, huoshwa mtoni na kuingia kwenye tope. Kambare huila humo, ikajaa nyamani. Moto hauiondoi. Huweza kuharibu ubongo wa mtoto tumboni. Umekula wangapi? Nijibu, usingizi umenikimbia.

Mumeo,
Masese

Gesima, 24 Machi

Masese wangu,

Hujambo? Mimi mzima, na mtoto pia, kwa hiyo pumua. Sijaonja hata mmoja. Umesahau umeoa Msabato? Kambare hana magamba, na kwetu asiye na magamba haliwi. Sikutaka kukuvunja moyo, nikawatundika juu ya jiko niwatazame nikipika. Mama yako, Mkatoliki halisi, aliomba mmoja nikamnyima. Akasema, "Wewe umeolewa na samaki." Leo nimewafukia wote, na jiko limekuwa pweke kuliko kitanda.

Lakini mpenzi, mwandiko wako una nini? Ule wa barua zako za uchumba ulinyooka kama mistari ya chai. Huu unatetemeka. Wewe ndiwe unayeikanda zebaki, na uliyekuwa ukila kambare huko kila siku. Njoo nyumbani.

Mkeo,
Nyakerario

Gesima, 5 Mei

Masese,

Nakusalimu, ila kuhusu afya naogopa kuuliza. Nimengoja jibu kila siku ya soko Keumbu. Leo Onyiego kaja bila barua. Nilimbana hadi akasema: ulianza kuandika, kalamu ikakuponyoka, ukaichana karatasi. Kikombe pia sasa unakishika kwa mikono miwili.

Dhahabu yangu ni wewe. Ndizi zipo, chai ipo, na mtoto ameanza kucheza. Nani atamgusa pamoja nami?

Onyiego anarudi huko Jumanne na nimemwomba asiondoke bila wewe. Barua hii usiijibu kwa mkono. Ijibu kwa miguu.

Mkeo,
Nyakerario