Mwenye Ufunguo wa Stoo

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto wote hapo nyumbani. Goti linaendeleaje? Wifi ananiambia umeanza kupanda ngazi bila kushika ukuta, nami nimefurahi, ingawa najua ungetangaza hivyo hata kama ungekuwa unatambaa. Sisi huku ni wazima. Barua hii anakuletea mpwa wako mkononi. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi, na leo nina sentensi ambazo lazima zimalizike.

Kesho asubuhi ndiyo usaili wangu kwa wale wawekezaji. Uliwahi kuniuliza hawa watu wanafanya nini hasa, nikakujibu kwa mkato. Hawakopeshi, wala hawanunui kampuni nzima. Wanatafuta kampuni ambayo tayari inauza na inakua, wananunua sehemu ya hisa zake, halafu wanaisukuma ikue haraka zaidi. Mwenye kampuni anabaki kwenye kiti chake. Ndiyo maana kabla ya kutoa hata senti wanataka kujua kama huyo mwenyewe anafaa kubaki. Mimi niliyeandika magazetini kwamba waabudu ukuaji wangempongeza hata mtu aliyevimba shavu, sasa naomba kazi kwao. Cheka, ni haki yako. Lakini tangu benki ilipotupunguza sijaitwa kokote, na hapa nilipoitwa nitashindana na vijana wenye umri sawa na mkoba wangu.

Mpwa wako ndiye aliyenifanyisha mazoezi. Alijipa uenyekiti, akavaa miwani ya baba yake, akakaa mwisho wa meza ya chakula akanihoji bila huruma. Mara ya kwanza alinikatiza akasema nimeulizwa kampuni inapata faida wapi, sijaulizwa maoni yangu kuhusu mabepari. Shemeji yako akapita na sufuria, akasema yeye angeniajiri papo hapo ili ninyamaze.

Sharti lao ni kwamba kila mwombaji achague kampuni moja, yeye mwenyewe awapigie simu wateja wake, kisha aitetee au aikatae mbele yao. Nilichagua kampuni inayokodisha vyumba vya baridi kwa wauza mboga na maziwa. Niliona nimejirahisishia kazi, maana wateja wanaongezeka na hawaondoki. Nikaanza kupiga simu. Wa mwanzo walisifu mpaka nikaona aibu. Kisha nikampata mama mmoja wa maziwa. Alisema chumba chake kilizima asubuhi, fundi akafika haraka, akajua papo hapo kilichoharibika, halafu akakaa juu ya ndoo mpaka alasiri. Alikuwa anasubiri mwenye kampuni apokee simu, kwa sababu stoo ya vipuri ina ufunguo mmoja, na ufunguo huo unakaa mfukoni mwa mwenyewe. Mwenyewe alikuwa hospitali, anatazamwa goti.

Ndiyo, Kaka. Ni kampuni yako.

Sikuwaambia wateja wako kwamba mimi ni dada yako, na kwa hilo nakuomba radhi. Kwa kutojua, walisema yote. Muuza nyanya mmoja alisema yule bwana ni mtu mwema sana, na wema wake utawaozeshea nyanya. Ameshaanza kuulizia vyumba kwingine, na si yeye peke yake.

Shemeji yako alinishauri nifunge mdomo. Jina langu la ukoo si lako, alisema, nani atajua? Nikusifu, mimi nipate kazi, wewe upate mtaji, sote tule. Nilikaa na wazo hilo siku nzima, na sikufichi, lilikuwa tamu. Kisha mwenyekiti wangu wa meza ya chakula akaniuliza hatari kubwa ya kampuni hii ni ipi. Nikaeleza umeme, nikaeleza bei ya vipuri, nikaeleza washindani. Akavua miwani akasema nimejibu kila kitu isipokuwa swali. Halafu akauliza taratibu kama hatari hiyo si mjomba.

Kwa hiyo kesho nitaanza kwa kuwaambia kwamba mwenye kampuni ni kaka yangu wa tumbo moja. Huenda wakanionyesha mlango hapo hapo. Wakiniacha niendelee, nitasema kampuni inastahili fedha zao, ila wasitoe mpaka mafundi wapewe ufunguo na wewe uajiri msimamizi ambaye hutampigia simu kila saa. Utasema mimi sijawahi kuendesha hata kibanda cha vocha. Ni kweli. Utasema uliianzisha kampuni hiyo kwa koleo moja na baiskeli ya kuazima. Hilo nalo kweli, na nalisema kwa fahari popote. Lakini imekuwa kubwa, Kaka, nawe bado unaibana kwapani.

Limebaki moja, na ndilo lililonishikisha kalamu. Hawa watu wana kawaida ya kumpigia mwenye kampuni wakati mwombaji bado yuko kwenye kiti. Wametuagiza tuje na namba. Nitawapa yako. Watakuuliza kama habari ya ufunguo ni kweli. Ukikubali, utakuwa umewafungulia wageni udhaifu wako. Ukikana, utakuwa umelinda jina lako, nami nitatoka mle ndani nikiwa mwongo, bila kazi. Sikuambii useme nini, na sitaki unisaidie kwa kunionea huruma. Nakuomba tu usiizime simu, na ujue kwamba wanaweka spika. Chochote utakachosema, nitakuwa nakisikia.

Mfikishie wifi upendo wangu, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Mpwa wako mpe chai kabla hajarudi.

Ni mimi mdogo wako, anayekupenda na kukubishia,

Bi Kwanini