Nabad Zilizomezwa na Simu

Jumanne, Garissa

Na nilijisifu, hicho ndicho kinaniuma. Niliona ujumbe unaojirudia unajaza orodha bure kwenye app niliyowaundia wafugaji waandikiane kuhusu mifugo, nikaiagiza iufiche. Orodha ikawa safi kama sahani iliyolambwa.

Leo asubuhi mjomba wangu, Abti Farah, akaijaribu na rafiki yake wa Habaswein anayemuuzia ngamia. Akaanza na salamu, kama tunavyoanza sote. Watoto? "Nabad," yaani salama. Mama? Kimya. Mbuzi? Kimya. Mvua? Kimya. Na maswali mengine yote, kimya.

Kumbe mzee wa watu alijibu "nabad" kila mara, na app ikazimeza zote isipokuwa ya kwanza.

"Hii mtu amenidharau," Abti akasema, uso umemvimba. "Ngamia yake akae nayo!"

Urafiki wa miaka ishirini, jamani, na mharibifu ni mimi. Nilifuta ile amri huku jasho linanitoka, nikaifungua app upya. Nabad kumi na moja zikamwagika kwenye skrini kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Abti akazisoma moja moja, kwa sauti, akitabasamu.

Sasa orodha imerefuka tena: kabla hujafika kwenye habari za ngamia, kidole kimeshachoka kusogeza skrini. Basi, kichoke.

"Abti, sasa iko sawa?" nikauliza haraka.

Akaweka simu chini, akanitazama.

"Wewe, tangu asubuhi unauliza habari ya simu. Habari yangu hujauliza."